Shamba Lisilochomwa

Nachingwea, 18 Juni 1950

Kwa dada yangu Mwamina,

Assalaamu alaikum. Mimi huku sijambo, ila jino lilinisumbua wiki nzima mpaka likang'olewa. Wewe na kifua chako mnaendeleaje? Mjomba Abdalah mzima? Binamu yetu Fatu na watoto wake wanne? Nisalimie kila mtu, hata wale ambao majina yao yamenitoka.

Nimehamishwa kazi. Sipo tena kwenye matrekta ya mashamba ya karanga. Kuna Bwana mmoja mwembamba aliyekaa Bara Hindi miaka mingi kwenye mashamba ya mpunga, na hapa amepewa kibanda nyuma ya karakana. Kazi yake ni kuozesha. Wallahi sikutanii. Mimi na Augustino, Mmakonde wa Newala mwenye maneno mengi, tunachemsha pumba na kuzitia kwenye chupa, kisha Bwana anapanda kuvu humo. Ni kuvu kama ile ya ugali uliolala, ila hii ni nyeupe tupu. Chupa ikijaa nyuzi tunaichanganya kwenye lundo la mabua ya mpunga. Wiki sita tu, lundo limekuwa udongo mweusi.

Bwana anasema moto unapeleka chakula cha mpunga juu na moshi, na kinachobaki kwenye jivu kinasombwa na mvua ya kwanza. Kuvu inatafuna bua polepole na chakula kinabaki chini. Amepanda mpunga nyuma ya kibanda. Upande wa jivu unanifika gotini, upande wa udongo mweusi unanifika kifuani. Nimepima kwa mwili wangu mwenyewe. Kambini wanatuita watu wa uozo na hawataki kula nasi.

Sasa niambie. Eustakio, dereva wa lori la huko, amenieleza kwamba mjomba anataka kukunyang'anya shamba la bondeni. Kama ni kweli, mwaka huu usichome mabua.

Mdogo wako,
Lukumani


Mbekenyera, 9 Julai 1950

Mdogo wangu Lukumani,

Waalaikumu salaam. Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu alizotufundisha baba chuoni, ili hao wa kambini wasiisome barua yako kabla yako. Kifua kimetulia. Pole na jino. Mjomba mzima, anasikia vizuri kuliko anavyojifanya. Fatu na watoto wazima, wanakula.

Eustakio safari hii hakudanganya. Tulipomaliza kupura, mjomba alikuja kuhesabu magunia yangu. Hesabu haikumchosha, yalikuwa mawili. Akakalia moja, akasema bonde ni la ukoo, mama yetu amelima pale mpaka kufa na hakuna anayekataa. Lakini shamba la magunia mawili haliwezi kukaa mikononi mwa mwanamke aliyeachwa, asiye na mtoto, wakati Fatu ana midomo minne. Mwakani nikipata magunia manne, shamba ni langu. Nisipopata, ni la Fatu. Alisema hayo mbele ya watu wote. Fatu alikuwa amesimama pale na ungo, akatazama chini. Hakuomba shamba la mtu, namjua.

Nilikasirika. Siku hiyo nilikwenda kisimani mara tatu, na maji nyumbani yalikuwa tele. Lile shamba ndilo ninalokula. Nikilikosa nitahamia uani kwa mjomba, nitwange mpunga wa wengine mpaka nife, na sitaki.

Haya, unasema nisichome. Miaka mitatu tu umesahau kwenu? Bonde lote linachomwa siku moja, mwezi wa tisa. Kila mtu anawasha moto shambani mwake mwenyewe, na ndivyo watu wanavyojua lipi la nani. Lisilochomwa limeachwa. Kesho yake alfajiri yeyote wa ukoo anaingia na jembe, akishapiga mapigo saba limekuwa lake na hakuna wa kumtoa. Mjomba mwenyewe si ndivyo alivyopata lile la kisimani? Marehemu kaka yake aliamka na homa siku ya moto, basi. Na wewe unataka mimi nisiwashe, mwaka huu kuliko miaka yote!

Ukiwa na jibu la maana, lilete.

Dada yako,
Mwamina


Nachingwea, 20 Agosti 1950

Dada Mwamina,

Assalaamu alaikum. Mzima wewe? Mimi mzima. Naandika haraka, Eustakio yuko mlangoni na lori linanguruma.

Jibu la maana limo kwenye kopo la maziwa analokupa. Kabla ya siku ya moto, toa mabua yote shambani uyapeleke ng'ambo ya kisima, kivulini. Mvua za kwanza zikiyalowesha, panga lundo: mabua shubiri moja, samadi ya mbuzi, nyunyizia yaliyomo koponi, tena mabua, tena samadi, hivyohivyo mpaka yafike kiunoni. Funika kwa majani ya mgomba. Lundo likishaiva utalitandaza shambani, ndipo upandikize. Kopo ulitunze vizuri mpaka siku hiyo. Ndiyo mbegu yenyewe, nimemwomba Bwana kwa magoti, na nyingine sina.

Na kuhusu mapigo saba: alfajiri ya kuamkia siku ya pili ingia wewe wa kwanza na jembe lako. Nani alisema mwenye shamba haruhusiwi?

Anapiga honi huyu.

Mdogo wako,
Lukumani


Mbekenyera, 3 Desemba 1950

Mdogo wangu Lukumani,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Mjomba alianguka akitoka msikitini, goti lilivimba, sasa anatembelea fimbo na kulalamika, kwa hiyo amepona. Mvua ilianza mwanzoni mwa Novemba. Wewe je? Eustakio anasema umekonda, lakini Eustakio ni Eustakio.

Nilifanya ulivyosema. Nilibeba mabua kichwani siku nne. Watu walinicheka mpaka wakachoka, mmoja akaniuliza ninafuga punda wangapi. Siku ya nne Fatu akaja na kamba yake, akajitwika mzigo bila kuuliza. Tukabeba wawili mpaka jua likazama. Hatukuzungumza zaidi ya "shika hapa" na "nisogezee".

Siku ya moto bonde lote likawaka, vijana wakawa wanangoja ndezi watoke wawapige marungu. Shamba langu likabaki katikati halijaguswa. Mjomba akaja mpaka ukingoni.

"Mwamina, umeacha?"

"Sijaacha."

"Mbona huwashi?"

"Sina cha kuwasha, mjomba. Mabua yako kule."

Akatazama kule, akawatazama watu. "Desturi unaijua," akasema, akaenda zake.

Alfajiri niliingia wa kwanza. Nikapiga mapigo saba, nikaongeza saba mengine kwa ajili ya wasioona vizuri. Mjomba alipotokea nilikuwa nimeshamaliza tuta zima. Akalizunguka, akarudi zake.

Sasa hili lundo lako. Nimepanga tabaka kama ulivyoandika, samadi nimeomba nyumba tatu, nimefunika majani ya mgomba. Wiki tatu zimepita na mabua ni mabua. Yamelowa tu, tena ya baridi. Usije ukasema sikuitunza mbegu yako. Kopo lilipofika nilitoboa kifuniko, nikalitundika uchagani juu ya meko pamoja na mbegu za mpunga na mahindi. Limepigwa moshi karibu miezi mitatu, hakuna mdudu aliyeligusa. Nilipolifungua, yaliyomo yalikuwa makavu safi, yananukia moshi.

Basi kosa liko wapi? Niambie upesi, nimeshasia miche na shamba halina kitu.

Dada yako,
Mwamina


Nachingwea, 17 Desemba 1950

Dada yangu Mwamina,

Assalaamu alaikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi mwili hauna ugonjwa.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimeketi. Dada, umeiua. Kuvu ile ni kitu kilicho hai, kinapumua, kinakula. Moshi na joto vinaimaliza kwa siku chache, wewe umeipa miezi mitatu. Lakini kosa si lako. Nani huko kwetu akiambiwa atunze mbegu asiitundike juu ya meko? Mama angefanya vivyo hivyo, tena angeongeza kuni. Mimi ndiye niliyejua, nikaandika mbiombio kwa sababu ya honi ya lori. Nimejilaumu mpaka Augustino ameniambia ninyamaze, na unajua mtu akiambiwa anyamaze na Augustino hali yake imefika wapi.

Nilikimbilia kibandani nikuchukulie nyingine. Kimefungwa. Kazi ya karanga inapunguzwa, kila wiki watu wanaagana. Bwana amehamishiwa Morogoro, na yaliyokuwa kwenye chupa yamemwagwa shimoni pamoja na chokaa. Sina cha kukutumia.

Nikueleze tu ilivyokuwa, ujue nilichokuwa nakusifia. Ni nyuzi nyeupe nyembamba, zinatambaa ndani ya majani yaliyooza na kuyashikanisha. Ukizinusa, zina harufu ya udongo uliopata mvua sasa hivi. Zinapenda kivuli na unyevu. Jua na moshi hazitaki.

Lichome lundo, dada, ukamwage jivu. Litasaidia kidogo. Unisamehe. Nilitaka kukuokoa, nimekuharibia.

Mdogo wako,
Lukumani


Nachingwea, 25 Februari 1951

Dada Mwamina,

Salaam. Wiki kumi sasa sijapata mstari kutoka kwako. Unaumwa? Umekasirika? Eustakio anasema alikuona bondeni umeinama, hakujua unafanya nini, na alipokupungia mkono hukuinua kichwa.

Mimi nimepewa barua ya kuachishwa kazi. Nimebaki hapahapa, napakia mbao kwa kutwa. Nitukane ukitaka, lakini andika.

Mdogo wako,
Lukumani


Mbekenyera, 10 Juni 1951

Mdogo wangu Lukumani,

Waalaikumu salaam. Mimi mzima, wote wazima. Pole kwa kazi. Sikukujibu kwa sababu mikono ilikuwa na udongo kuanzia barua yako ya Desemba mpaka wiki iliyopita.

Barua ile niliisomea kisimani. Nilipofika kwenye nyuzi nyeupe na harufu ya mvua nikarudia mara ya pili, kisha nikacheka peke yangu mpaka nikalazimika kutua ndoo. Loo, Lukumani! Umekwenda mpaka Nachingwea, ukachemsha pumba na Bwana wa Bara Hindi, ukatengwa na wenzako kwa harufu, ili uniletee kitu ambacho mimi na mama tulikuwa tunakikanyaga kila masika! Unakumbuka alivyokuwa akirudi na ungo umejaa uyoga, mkimuuliza katoa wapi anasema "mwituni" na kufunga mdomo? Mimi napajua. Alinionyesha peke yangu, na nikaapa. Ukifukua majani ya juu pale, chini ni nyeupe tupu na harufu ndiyo hiyo.

Nilijaza vikapu viwili nikavifunika kwa kanga mbichi. Nikalibomoa lundo lote, nikalipanga upya. Siku ya tano nilitia mkono ndani nikautoa haraka, kulikuwa na joto la chungu. Wiki ya tatu uyoga ukaota ubavuni. Sikuula, si ule ninaoujua. Fatu alikuja, akachuchumaa pale muda mrefu, akaondoka.

Mwanzo wa Februari lundo lilikuwa jeusi, laini, lakini lilikuwa limeshuka sana. Lilitosha nusu ya juu ya shamba tu. Nusu ya chini nilimwachia Mungu. Nikapandikiza huku na huku siku moja, miche ileile, mkono uleule.

Mpunga wa chini ulifika gotini. Wa juu ulinifika kifuani, na mimi nakuzidi urefu. Watu walianza kupita njia ya shambani kwangu bila kuwa na safari. Hata aliyeniuliza habari za punda alikuja, akavunja suke moja, akahesabu punje, akalitia mfukoni.

Basi tumepura. Nusu ya juu imetoa magunia matatu. Nusu ya chini imetoa nusu gunia.

Mjomba alihesabu, akahesabu tena. Nikamwonyesha lipi limetoka wapi. Nikamwambia mwakani lundo litatosha shamba zima. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ameona, akasema ni kazi nzuri, hajapata kuona suke kama lile tangu utoto wake. Kisha akasema, "Tulisema manne." Watu walikuwapo wote, walewale wa mwaka jana. Alikuwa ametamka mbele yao na asingeweza kulirudisha neno lake. Nilimtazama usoni na sidhani alifurahi, lakini kutofurahi kwake hakunipi shamba.

Shamba ni la Fatu.

Sijalia. Nimetwanga mpunga mwingi kuliko ninaoweza kula. Naumia, Lukumani. Nimekosa kwa nusu gunia, na najua lilipo hilo nusu gunia, liko kwenye wiki tatu nilizongoja kopo lililopigwa moshi, miche ikachelewa kupandikizwa. Usichukue maneno haya kuwa ni lawama. Nayasema kwa sababu ndivyo ilivyo.

Dada yako,
Mwamina


Nachingwea, 8 Julai 1951

Dada yangu,

Assalaamu alaikum. Mimi mzima, sijui wewe utakuwaje.

Barua yako nimekaa nayo siku kumi. Umesema si lawama, basi mimi nimejipa mwenyewe. Nitakuja kuzungumza na mjomba ukiniruhusu, ingawa sijui nitamwambia nini ambacho yale magunia hayakumwambia.

Kuna jambo lingine, na naona haya kuliandika. Yule Bwana amemwandikia Augustino kutoka Morogoro. Anataka kuvu ya huku kwetu inayofanya kazi kwenye mabua, na atakayempelekea atampa kazi. Nimefikiria vikapu vyako viwili. Mahali pale ni wapi, dada? Nielekeze tu, nitakwenda mwenyewe, sitamwonyesha mtu.

Mdogo wako,
Lukumani


Mbekenyera, 23 Septemba 1951

Mdogo wangu Lukumani,

Waalaikumu salaam. Mimi mzima, kifua kizima, mjomba mzima isipokuwa goti. Uliomba ruhusa ya kuja kuzungumza na mjomba. Nilikaa kimya makusudi, ungeharibu.

Alhamisi tulichoma bonde. Mimi sikuwa na shamba, nilikwenda kama anavyokwenda mtu msibani, kuonekana tu. Nikasimama njiani. Moto ukaanza upande wa juu, ukateremka shamba hadi shamba. Fatu alikuwa katikati ya shamba langu, yaani lake, kiberiti mkononi, mabua yamemzunguka. Hakuwasha.

Mjomba akaja na fimbo yake. "Fatu, washa."

"Kiberiti kimelowa, mjomba."

Mtu akamnyooshea kijinga cha moto. Fatu akasema mkono unamuuma. Mkono upi? Akatazama mikono yake, akasema yote miwili. Watu wakaanza kucheka. Mjomba hakucheka.

"Fatu, desturi unaijua?"

"Naijua," akasema, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, na alikuwa akinitazama mimi. Kisha akajitwika kikapu chake akaenda nyumbani kupika. Hakuwa ameniambia kitu kabla, na jioni ile hakuja kwangu.

Alfajiri niliingia na jembe. Hapakuwa na mtu mwingine, au kama alikuwapo hakuthubutu. Nilihesabu kwa sauti. Sikufichi, pigo la tatu nusura nijikate mguu. Nilipofika saba nikainua kichwa, mjomba yuko ukingoni ameegemea fimbo.

Nikangoja aseme. Aligeuka akalitazama shamba lake la kisimani, lile lililokuwa la marehemu kaka yake, akalitazama sana. Kisha akanigeukia.

"Umepiga mangapi?"

"Saba, mjomba."

"Piga la nane. Macho yangu hayaoni vizuri."

Nikapiga. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake polepole.

Nikatupa jembe nikaenda kwa Fatu. Nikamkuta anachochea moto. Nikamuuliza kwa nini. Akasema shamba analo la kumtosha, hilo la pili alipewa hakuomba, na tena yeye hajui kuyalaza mabua mpaka yawe meusi, na mimi najua. Ndipo nikalia, hapo jikoni kwake, na akaniacha nilie mpaka chakula kikaiva.

Sasa swali lako. Mahali pale sikuelekezi. Mama alinionyesha mimi, na mvua ikinyesha nitampeleka Fatu, nimeshamwambia. Bwana wako akitaka kuvu, ichukue kwenye lundo tutakalopanga, umpelekee na salamu zangu, na umwambie asiipige moshi. Lundoni hakuna nilichoapa.

Mabua ya mwaka huu ni mengi na sisi ni wanawake wawili. Lori la Eustakio linarudi huku Jumanne. Panda hilo. Nimekuwekea mchele wa nusu ya juu, sijauonja.

Dada yako, mwenye shamba,
Mwamina